Night Poni, Mama wa Vyungu Visivyorudi

Kumbukumbu ya maisha ya Night Poni Soka, 9 Agosti 1984 – 11 Februari 2025. Inasomwa na Phiona, binti wa kaka yake, nyumbani Dadamu, Arua, Ijumaa tarehe 14 Februari 2025.

Wazee wetu, viongozi wa dini, walimu wenzake, wanafunzi wake, wanachama wa Mfuko wa utafiti aliouanzisha, wakwe na majirani: mmetoka mbali, na jua la Februari halina huruma. Familia inawashukuru kwa kuja na kuketi nasi. Mtakayoyasikia ni maisha ya mtu aliyefanya kazi mpaka akachoka, kisha akaendelea akiwa amechoka hivyo hivyo. Hatutampamba. Alikuwa mwalimu, na maneno ya mapambo alikuwa akiyapiga mstari kwa kalamu nyekundu.

Night Poni alizaliwa tarehe 9 Agosti 1984 karibu na Yei, upande wa Sudan, ambako wazazi wake, Sajini Silvester Soka na Mama Margarita, walikuwa wakimbizi tangu vita vya mwaka 1979. Alizaliwa usiku, wakamwita Night. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano. Mwaka 1987 familia ilirudi nyumbani Kuluba, Koboko, ikakuta miti imeota mahali palipokuwa na jiko. Sajini alikata miti, Mama Margarita akafinyanga vyungu vipya, na maisha yakaanza upya. Kwa kuwa baba alikuwa askari wa zamani, watoto walikua wakizungumza Kikakwa na mama na Kiswahili cha kambini na baba, na hata uzeeni Sajini aliwaita kula kana kwamba anaita gwaride.

Alianza shule ya msingi Kuluba mwaka 1991. Alikuwa mwepesi wa hesabu na mwepesi wa majibu. Mwaka 1996, akiwa darasa la sita, alianza kunywa maji kupita kiasi. Wenzake walimcheka wakisema, “Poni, achia sisi kidogo, mtungi si ya baba yako!” Akakonda. Zahanati moja ilisema ni malaria. Majirani wawili watatu walisema amelishwa kitu. Alipoanza kupumua kama mtu aliyekimbia mlima, Sajini alimpakia kwenye lori la mihogo akampeleka hospitali mjini Arua. Huko daktari aliwaeleza wazazi kwamba ni kisukari cha aina ya kwanza, kile kinachowashika watoto. Mwili umeacha kutengeneza insulini, na bila sindano ya kila siku mtoto hataishi.

“Mpaka lini?” Sajini aliuliza.

“Siku zake zote, mzee.”

Sajini alivua kofia, akaikunja, akaiweka mfukoni. Kisha akamgeukia binti yake kitandani. “Poni, simama kama askari. Sindano iko kitu ya dakika moja.”

“Baba,” alijibu kwa sauti ndogo, “askari iko na bunduki. Mimi niko na nini?”

Daktari alicheka, na Sajini naye akacheka ingawa machozi yalikuwa yakimtoka. Jibu hilo lilisimuliwa nyumbani Kuluba kwa miaka mingi, kila mgeni akilisikia kama jipya.

Walirudi na chupa ndogo za insulini na onyo kwamba zisikae kwenye joto. Kuluba hakukuwa na friji wala umeme wa kuiwasha. Sajini alizifunga kwenye chupa yake ya maji ya jeshi, ile yenye koti la sufi ambalo likiloweshwa hupoza. Mama Margarita aliitazama, akasema, “Hii ya jeshi inakauka haraka.” Akachukua chungu kidogo, akakiweka ndani ya chungu kikubwa, akajaza mchanga katikati, akaumwagia maji, akafunika juu kwa kitambaa kibichi. Insulini ikapata nyumba. Ukiingiza mkono mle mchana wa Januari, ulitoka na vidole vya baridi.

Mama Margarita alijifunza pia kwamba sindano haimsubiri mpishi. Akishachomwa, mtoto lazima ale. Basi saa ya mkono ya Sajini ilitundikwa kwenye nguzo ya jiko, na chungu kimoja cha kupikia kikawa cha Poni peke yake, kwa sababu chakula chake kilitangulia cha watu wote. Usiku mama aliamka kumpapasa shingo. Akikuta jasho, dalili ya sukari kushuka mno, alimwamsha na kumnywesha maji ya sukari kabla hajapoteza fahamu. Night Poni alilalamika sana juu ya kuamshwa. Alisema wenzake hulala, yeye hulindwa.

Alisoma sekondari Arua, akamaliza kidato cha sita mwaka 2005, kisha akaenda Kampala kusomea ualimu wa biolojia, akahitimu mwaka 2009. Bwenini alilala na chungu chini ya kitanda, na wenzake walidhani ni dawa ya kienyeji ya kupata mume.

Huenda ilifanya kazi. Mwaka huo huo, sokoni Arua, alipeleka redio yake kwa fundi aitwaye Lawrence Abiriga, mtu wa Dadamu. Alipokuwa akingoja alijichoma sindano pale pale kwenye benchi, na fundi akaangusha bisibisi. Lawrence aliogopa sindano na anaziogopa mpaka leo. Mamake alimuuliza, “Utaoa mtu ya sindano?” Akajibu, “Mama, nitaoa. Sindano atajichoma mwenyewe.” Walifunga ndoa kanisani tarehe 18 Desemba 2010. Baada ya mimba mbili zilizoharibika, Mungu aliwapa Prossy mwaka 2013. Kazi ya kupapasa shingo usiku ilihamia kwa Lawrence, naye hakuiacha hata siku walizokuwa hawasemezani.

Alianza kufundisha biolojia katika sekondari moja mjini Arua mwezi Februari 2010. Katika vitabu alivyosoma aliona jambo lililomsumbua: karibu kila utafiti juu ya insulini ulifanywa na watu wenye friji. Hakuna aliyejua kwa uhakika nini kinaipata chupa ya insulini katika nyumba ya nyasi Kuluba, miezi ambayo hata mbuzi hutafuta kivuli. Mwaka 2012, yeye na mfamasia mmoja aitwaye Natale, mhadhiri ambaye yuko nasi hapa, walianzisha Mfuko wa Utafiti wa Kisukari cha Watoto, West Nile. Walikodi chumba kimoja chini ya Arua Hill. Walichangisha makanisani, misikitini, kwa wafanyabiashara wa Arua na Koboko, na kwa watoto wa West Nile walio ng'ambo.

Mfuko haukununua dawa. Ulilipia utafiti, na jambo hilo lilikuwa gumu kueleza kuliko lolote alilofundisha darasani. Katika mkutano Koboko mfanyabiashara mmoja mzee alisimama. “Mwalimu, mutu iko anakufa leo, na wewe unataka tuchange kwa kuuliza maswali?”

“Mzee wangu,” alisema Night Poni, “hii swali ndiyo inaua mutu.”

Mzee alichanga. Lakini swali lake liliulizwa tena Yumbe, likaulizwa Maracha, likaulizwa hata na ndugu zetu mezani, na kila mara Night Poni alianza maelezo mwanzo. Akirudi nyumbani alivua viatu mlangoni, akaketi kwenye kizingiti, na Prossy alijua kwamba huo si wakati wa kumwomba chochote.

Utafiti wa kwanza ulianza mwaka 2016. Kila nyumba yenye mgonjwa ilipewa chungu ndani ya chungu, kama kile cha Mama Margarita, na kipimajoto kidogo kilichohifadhi vipimo chenyewe. Mwishoni vyungu vilirudishwa Arua, vipimajoto vikasomwa, na insulini iliyobaki ikapimwa nguvu. Machi 2018 Natale alisoma majibu mbele ya wanachama: insulini ilikuwa na nguvu karibu kama ilivyotoka dukani. Watu walipiga vigelegele. Mbuzi alichinjwa. Sajini, aliyekuwa na umri mkubwa na miguu mibovu, alicheza.

Mwezi uliofuata Night Poni alikwenda Kuluba kumpa pole Mama Viktoria. Mwanawe Ladu, kijana aliyekuwa katika utafiti huo, alikuwa amefariki Novemba iliyotangulia, na Night Poni alijilaumu kwa kuchelewa. Walikwenda pamoja kaburini. Kwetu Kuluba, na hata hapa Dadamu, mtu akifa vyombo vyake huvunjwa na kuwekwa juu ya kaburi, ili visitumiwe na mwingine na yeye asirudi kuvitafuta. Juu ya kaburi la Ladu kulikuwa na bakuli, kikombe, na vigae vya chungu ndani ya chungu. Katikati ya vigae kilikuwa kipimajoto kilichopondeka.

Night Poni alichuchumaa pale. Viktoria alidhani anasali.

Alikuwa ameelewa. Katika taarifa ile, chungu cha Ladu kilihesabiwa miongoni mwa vyungu visivyorudi, pamoja na vya wengine waliofariki. Vyungu vyao vilikuwa juu ya makaburi yao. Vilivyorudi Arua na kushangiliwa vilikuwa vya walio hai tu. Wale ambao huenda insulini yao iliharibika hawakuwa na mtu wa kuirudisha. Yeye, mtoto wa Kuluba aliyeijua desturi hiyo tangu utotoni, ndiye aliyepanga utafiti huo, na hakuikumbuka.

Alimwambia Natale, “Tumesikiliza wenye kusema peke yao.” Wakaandika kwa wafadhili kwamba majibu hayawezi kuaminiwa. Wanachama wengine walikasirika. Mmoja alimwambia, “Nyumba tumemaliza kuezeka, wewe unapanda juu kung'oa mabati.” Sajini alifariki mwaka huo, Septemba, akijua kwamba alicheza bure, na binti yake hakuacha kulifikiria hilo.

Utafiti wa pili ulianza mwaka 2019, na ulikuwa na sharti moja ambalo hakuna aliyetaka kulitekeleza. Mgonjwa akifariki, mtu aende kuomba chungu chake kabla ya maziko. Night Poni alisema ataenda mwenyewe, kwa kuwa haikuwa haki kumtuma mwingine. Alikwenda kwa bodaboda, akakaa na wafiwa, akalia nao, kisha akaomba. Nyumba nyingine zilimpa. Nyumba nyingine zilimfukuza. Medina wa Koboko mjini, aliyefiwa na mumewe, alimletea chungu kabla hajafungua mdomo. “Chukua haraka,” alisema. “Sisi Waislamu hatuna hiyo ya kuvunja, lakini mimi nilitaka kuvunja kwa hasira tu.”

Sokoni walimpachika jina. “Mama Chungu huyo! Leo nani amekufa?” Wagonjwa walianza kumwogopa. Alipokwenda kumtazama mzee mmoja anayeumwa, mzee aliinuka kitandani kwa nguvu zake zote. “Night, mimi niko mzima kabisa! Rudi mwaka kesho!” Alikuwa akisimulia kisa hicho akicheka. Lakini mtu aliyetaka watoto waishi alikuwa amekuwa mtu ambaye hodi yake iliwatia watu baridi.

Vyungu alivyovibeba vilisema. Mahali penye maji karibu, insulini ilibaki salama. Mahali ambapo pampu ya kisima iko mbali, au mgonjwa amelala hawezi kuteka maji na wa nyumbani wako shambani, mchanga ulikauka, chungu kikawa joto kama chombo kingine chochote, na dawa ikafa ndani yake mgonjwa akiendelea kuitumia. Kwa hiyo kwa wengine chungu pekee hakitoshi. Mfuko sasa unalipia utafiti wa namna ya kuwafikishia dawa watu hao kidogo kidogo isikae, na wa chungu kinachoshika maji muda mrefu zaidi. Kazi hiyo haijaisha, na Night Poni hakuwahi kusema imeisha.

Figo zake zilianza kushindwa mwaka 2022. Aliendelea kufundisha mpaka muhula wa pili wa mwaka 2024, akikaa kwenye kiti mbele ya darasa. Alisafiri Kampala mara kadhaa kusafishwa damu, kisha akaomba asipelekwe tena, akisema barabara inamchosha kuliko ugonjwa. Mama Margarita alihamia hapa Dadamu kumpikia. Alikuja na saa ya Sajini na kile chungu cha kupikia cha tangu utotoni, akaitundika saa jikoni kwa Lawrence. Night Poni alifariki nyumbani asubuhi ya Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, akiwa na umri wa miaka arobaini, Lawrence akiwa amemshika mkono.

Naye alikuwa katika utafiti. Chungu chake, kilichofinyangwa na mamake, kilikuwa chumbani na kipimajoto ndani yake na insulini yake ya mwisho. Alikuwa amemwagiza Lawrence kipelekwe ofisini kwa Mfuko, Arua mjini. Jumatano familia ilipokaa, Lawrence alisema hivyo, na Mama Margarita akakataa.

“Hii chungu ni mimi nilimpa,” alisema. “Miaka yote anaenda kwa nyumba ya watu kuomba chungu. Mimi nani aliniomba? Mtoto yangu atalala bila kitu yake?”

Natale alikuwa amekaa nje na hakuingia. Kila mtu pale alijua kwamba chungu hicho kikivunjwa, nyumba zote alizoziomba zitauliza kwa nini nyumba yake ilikataa, na safari ijayo hakuna mlango utakaofunguliwa. Lakini nani angemwambia hivyo mama aliyezika mume na sasa anazika binti?

Aliyemwambia ni Mama Viktoria, aliyetoka Kuluba kwa msiba. Aliketi chini karibu naye, mkekani. “Mama,” alisema, “mimi nilivunja. Nilivunja yote, nikaweka vizuri juu ya Ladu. Mpaka leo mimi sijui nini iliua mtoto yangu. Kama ni dawa ilikufa, kama ni mimi sikuweka maji, sijui. Nikilala, naiuliza ile chungu. Iko vipande. Haisemi.”

Mama Margarita aliinuka bila kushikwa mkono, akaingia jikoni. Watu walidhani amekwenda kulia. Alirudi na chungu cha kupikia, kile cheusi cha Poni, na saa ya Sajini ikiwa ndani yake.

“Ile ingine wapelekee,” alimwambia Lawrence. “Hii ndiyo nitavunja. Nilikuwa nampikia kwa saa. Sasa nampikia nani?” Saa alimpa Prossy.

Jana, Alhamisi, Natale alikipeleka chungu cha Night Poni Arua mjini, kikiwa kizima, kimefungwa kwa kitenge chake. Kimehesabiwa miongoni mwa vilivyorudi. Kwa hiyo tukimaliza kufukia, mtaona juu ya kaburi vigae vyeusi vya masizi badala ya vigae vya udongo mwekundu. Asitokee mtu wa kusema kwamba Dadamu wamesahau desturi, wala kwamba binti wa Kuluba amelazwa bila chombo chake. Mamake atakivunja mwenyewe.

Night Poni ametangulia kuungana na babake, Sajini Silvester Soka. Ameacha mume wake Lawrence Abiriga, binti yake Prossy, mama yake Mama Margarita, kaka zake wawili na dada zake wawili, wapwa wengi, wanafunzi wa miaka kumi na minne, na nyumba zote za Koboko na Arua ambako usiku huu mtu ataingiza mkono kwenye chungu kutafuta baridi. Mfuko unaendelea. Natale ameomba atakayekwenda kuomba vyungu sasa ajitokeze, na Mama Viktoria ameinua mkono.

Tangu darasa la sita hakuwahi kulala usiku mzima nyumbani bila mtu kumgusa shingo. Sasa na alale. Mungu ampokee, ampe amani yake yote, wala asiwepo wa kumwamsha.